Dakika Tatu za Upinzani

Mwenyekiti, mimi nimepangiwa kupinga.
Hoja: bangi iruhusiwe.
Mwalimu Nyamvula alikata vikaratasi, tukaokota,
changu kikaja na P.
Kingekuja na U ningeunga mkono
na ningesema haya haya.

Nina karatasi ya takwimu. Nimeikalia.

Kwetu Kisauni neno unga lina milango miwili.
Mama akinituma dukani hupaza sauti:
"Wa sima! Kilo mbili, wa sima!"
ili mtaa usikie ni mlango upi.

Kakangu Salmini alishikwa na msokoto mmoja,
mmoja, tena umeshavutwa nusu.
Alikuwa kavaa fulana ya semina, ile ya SEMA HAPANA,
tuliyogawiwa pamoja na soda ya moto.
Mama akauza cherehani, faini ikalipwa,
na hadi leo gauni la Idi la Mwanasiti
limo mfukoni, lina mkono mmoja.
Mwenye nyumba ya vigae vya kijani,
ambaye mtaa mzima wajua anauza nini,
askari yule yule humsimamishia magari apite.
Mwasema sheria ni kipofu.
Mimi nimeiona ikikonyeza.

Msipige makofi bado, upande wa U.
Binamu yangu Twalibu huinama pale stendi ya Bakarani
mpaka paji likaribie goti, wala haanguki.
Watoto huwekeana dau: ataanguka, haanguki.
Asubuhi hupanga foleni ya dawa ya kikombe,
na kuna siku karandinga hungoja pale getini,
maana wapi tena utapata mateja waliojipanga wenyewe?
Haya, huyo nambieni: aruhusiwe nini? Akatazwe nini?

Sigara ni halali. Nilikuwa na miaka saba
mjomba Shee akinituma moja moja.
Kibiriti kilifungwa kwa kamba kwenye msumari wa kibanda,
juu yake bango: HATUUZII WATOTO.
Sikuwa nimefika urefu wa kulisoma.
Sasa nimefika. Kifua cha mjomba chapiga filimbi usiku,
nami ndiye niliyekuwa nikikimbia,
nikirudi na chenji kamili, nikisifiwa.

Shisha nimevuta. Mara mbili. Niliipenda.
Najua silo analotakiwa kusema mpinzani.
Ilikuwa ya tofaa. Tofaa lenyewe
kwetu hununuliwa mtu akilazwa.
Fahmi ndiye aliyenialika, chumbani kwa rafikiye,
pazia limefungwa saa tisa mchana.
Akasema, "Kama wanipenda..."
akanyamaza.
Sentensi ile wavulana hawaimalizi.
Huachiwa msichana aimalize.
Nikavaa viatu. Nikasema, "...nifungulie mlango."
Jumatatu darasani hadithi ilikuwa na mwisho mwingine,
na baadhi yenu mnaocheka sasa
mliupokea, mkaubeba, mkaufikisha.

Katika sheria zote mlizozisoma hapa leo,
vifungu, faini, miaka,
sijasikia hata moja ya sentensi isiyomalizwa.

Hiyo ni kengele?
Basi hitimisho sina. Nina swali, na si la darasa hili:
kila tulichokatazwa,
mbona kimetufikia kwa mkono wa mtu mzima?

*

Maksi tano kwa kumi. "Hujajibu hoja," kwa wino mwekundu.

Jioni nikatumwa unga.
Salmini alikuwa barazani akizitazama kucha zake
kama mtu anayesoma barua ndefu.
Dukani sikutaja wa nini.
Muuzaji akanikodolea macho. Wawili kwenye benchi wakageuka.
Nikaacha wageuke.